Udongo Ungali Maji: Historia ya Matundu Yaliyogeuka Njia za Maji Mwambani

Hakuna mwalimu wa Kiswahili asiyeijua methali isemayo, "Udongo uwahi ungali maji." Aghalabu twaifundisha kwa upande wa malezi: mtoto aonywe angali mdogo, kama vile mfinyanzi aupavyo udongo umbo kabla haujakauka. Siku moja, tulipokuwa tukiieleza hivyo darasani, mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo halikuwamo katika maandalio yetu ya somo. Alisema, "Mwalimu, ikiwa mdudu amepita katika udongo huo ungali maji, kisha udongo ukakauka hata ukawa jiwe, ile njia ya mdudu huenda wapi?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa maana hatukuwa na jibu. Tulimwahidi kwamba tutalitafuta, na makala haya ni matunda ya ahadi hiyo.

Jibu tulilolipata ni refu kuliko tulivyotazamia. Njia ya mdudu haiendi popote. Hubaki ndani ya jiwe kwa mamilioni ya miaka, na mara nyingi maji yajayo baadaye hupita humo humo alimopita mdudu. Katika mji mmoja mkubwa wa Marekani, maji wanayokunywa watu hutoka katika matundu ya namna hiyo. Lakini elimu hii haikupatikana kwa urahisi. Wataalamu waliyatazama matundu hayo kwa miaka mingi wakayaita jina lisilokuwa lao, na kwa kuwa jina lilikuwa la makosa, hakuna aliyeuliza swali lililopasa kuulizwa.

Shimo, tundu na kinyweleo

Tuanze na maneno, kwani hiyo ndiyo kazi yetu. Kiswahili hutofautisha vizuri aina za uwazi. Shimo huchimbwa, nalo lina mwisho wake chini. Tundu hupitisha kitu, kama tundu la sindano lipitishavyo uzi. Ufa hutokana na kupasuka. Mwanya ni nafasi iliyo baina ya vitu viwili visivyoshikana. Kinyweleo ni kitundu kidogo mno cha ngozini kitokacho jasho, na waandishi wa sayansi wameliazima neno hilo kwa nafasi ndogo ndogo zilizomo ndani ya mwamba.

Neno jingine ni mashapo. Mnywaji wa kahawa ayajua: ni yale yabakiayo chini ya kikombe. Wanajiolojia huita miamba ya mashapo ile iliyotokana na matope, mchanga au magamba ya viumbe yaliyotua chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, yakakandamizwa na kushikamana. Mawe ya mchanga ni miamba ya namna hiyo, na mawe mengi ya chokaa pia.

Mwamba wa mashapo una vinyweleo baina ya chembe zake, na ndani ya vinyweleo hivyo mnaweza kukaa maji, mafuta au gesi. Lakini kuwa na nafasi ni jambo moja, na kupitisha ni jambo la pili. Nyumba yaweza kuwa na vyumba kumi. Kama vyumba hivyo havina milango, mgeni hapiti. Kadhalika mwamba waweza kuwa na vinyweleo vingi, lakini visipounganika, maji hukaa humo yasiende. Sifa ya kwanza, ile ya kuwa na nafasi, tutaiita uwazi wa mwamba. Sifa ya pili, ile ya kupitisha, tutaiita upenyevu. Historia tunayoisimulia ni ya upenyevu.

Fundi wa Dijon

Mtu wa kwanza kuupima upenyevu kwa namna iliyoweka kanuni alikuwa Henry Darcy, mhandisi wa Kifaransa aliyezaliwa mjini Dijon mwaka 1803. Mji huo ulikuwa na maji mabaya. Darcy alisimamia ujenzi wa mfereji wa kuleta maji safi kutoka chemchemi ya Rosoir, na maji hayo yakafika mjini mwaka 1840. Baadaye alitaka kujua jinsi maji yanavyochujwa na mchanga. Katika miaka ya 1855 na 1856 alisimamisha bomba la chuma, akalijaza mchanga, akapitisha maji na kupima.

Matokeo aliyatangaza mwaka 1856 katika kitabu chake juu ya maji ya mji wa Dijon. Aligundua kwamba maji yapitayo mchangani huongezeka kadiri msukumo unavyoongezeka, na hupungua kadiri safari ya kupita mchangani inavyorefuka. Kila aina ya mchanga ina kiasi chake cha kupitisha. Kanuni hiyo yaitwa kanuni ya Darcy hadi leo, na wachimbaji wa visima vya maji na wa mafuta huitumia kila siku.

Tuzingatie jambo moja. Mchanga wa Darcy ulikuwa wa namna moja kutoka juu hadi chini. Aliujaza mwenyewe, hapakuwa na mdudu aliyewahi kuishi humo. Mwamba wa kweli haukujazwa na fundi. Ulianza kama matope au mchanga chini ya bahari, na bahari haikosi wakazi.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1840, Mfaransa mwingine, daktari Jean Poiseuille, alikuwa akichunguza jinsi kimiminiko kinavyopita katika mirija myembamba, kwa kuwa alitaka kuelewa mwendo wa damu mwilini. Kanuni aliyoipata ni ya kushangaza. Maadamu kimiminiko kinakwenda kwa utulivu na msukumo ni ule ule, mrija ukiongezwa upana mara 2, hupitisha mara 16 zaidi. Ukiongezwa upana mara 10, hupitisha mara 10,000 zaidi. Msomaji na aitie kanuni hiyo akilini, kwani ndiyo ufunguo wa yote yafuatayo. Tundu lenye upana wa kidole, likipita katikati ya mwamba wenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho, haliongezi kidogo tu. Laweza kuchukua karibu maji yote.

Mwani usiokuwa mwani

Wakati Darcy alipokuwa akipima mchanga wake, alama za wachimbaji wa kale zilikwisha kuonekana katika miamba mingi ya Ulaya na Amerika. Zilikuwa kama vijiti vilivyotawi, kama mizizi, kama matawi yaliyolazwa juu ya jiwe. Ndizo hizo zilizopewa jina la makosa.

Mwaka 1828 Adolphe Brongniart, Mfaransa aliyekuwa bingwa wa mimea ya kale, alianza kuchapisha kazi yake kubwa juu ya mimea iliyogeuka mawe. Alama hizo zenye matawi aliziweka katika kundi la mwani, na jina lake, Fucoides, lilitokana na neno la Kilatini la mwani. Hatuwezi kumlaumu sana. Mtu akitazama umbo peke yake, alama hizo hufanana na mwani kweli. Lakini jina huelekeza fikira. Ukiisha kuita kitu mmea, utauliza maswali ya mmea: ulikuwa na majani gani, ulikuwa jamaa ya mimea ipi? Hutauliza ni nani aliyechimba, wala kama tundu lake lilipitisha maji.

Kwa zaidi ya miaka 50 alama nyingi za namna hiyo ziliendelea kuitwa mwani. Aliyezidadisi kwa vitendo ni Alfred Nathorst wa Sweden. Naye alikuwa mtaalamu wa mimea ya kale, wala hakuwa adui wa mimea. Aliwaacha viumbe hai watambae juu ya matope laini, kisha akamimina jasi juu ya nyayo zao ili apate nakala ngumu. Nakala hizo zikafanana na nyingi za zile alama zilizoitwa mwani. Matokeo aliyachapisha mwaka 1881. Huko Ufaransa, Gaston de Saporta alimpinga kwa nguvu na kuutetea mwani wake. Mabishano yalidumu miaka kadhaa. Mwishoni ushahidi wa Nathorst ndio uliokubaliwa, kwa sababu yeyote mwenye matope, kiumbe hai na jasi aliweza kuujaribu mwenyewe.

Kwa bahati, mwaka huo huo wa 1881, Charles Darwin alitoa kitabu chake cha mwisho, juu ya nyungunyungu. Wengi waliona ajabu kwamba mtu aliyeandika juu ya asili ya viumbe wote ashughulike na kiumbe kitumikacho kama chambo cha samaki. Lakini Darwin alikuwa na hesabu zake. Mwezi wa Desemba 1842 alitawanya vipande vya chokaa nyeupe juu ya shamba moja karibu na nyumba yake huko Down, Uingereza. Akangoja miaka 29. Mwezi wa Novemba 1871 akachimba mtaro, akaikuta chokaa imekuwa mstari mweupe chini ya ardhi, kiasi cha sentimita 18 kutoka juu. Hakuna mtu aliyeizika. Nyungunyungu, kwa kuutoa udongo chini na kuumwaga juu, ndio walioifunika kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na huko Down ilikizika kibaba chenyewe.

Basi katika mwaka mmoja watu wawili, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba viumbe wadogo huacha alama kubwa ardhini. Bado hakuna aliyeunganisha jambo hilo na bomba la Darcy.

Watembezi wa matopeni

Hatua iliyofuata ilichukuliwa na Rudolf Richter wa Ujerumani. Mwaka 1928 alianzisha kituo cha uchunguzi mjini Wilhelmshaven, ukingoni mwa Bahari ya Kaskazini, mahali ambapo maji yakipwa huacha uwanja mpana wa matope na mchanga. Richter na wenzake walikwenda matopeni kuwatazama wachimbaji walipokuwa kazini: nani huchimba wima, nani huchimba kwa kupinda, nani huzitia kuta za tundu lake ute au tope ili zisiporomoke. Nia yao ilikuwa kwamba aliyeona kazi ikifanywa leo ataweza kuisoma kazi iliyofanywa zamani. Mwaka 1952 Richter aliupa uchimbaji na uvurugaji huo wa mashapo jina la bioturbesheni, neno linalotumika duniani kote hadi sasa.

Mjerumani mwenziwe, Adolf Seilacher, aliyefariki mwaka 2014, aliiendeleza elimu hiyo. Alionyesha kwamba wachimbaji wa pwani hawachimbi kama wachimbaji wa kilindini, na kwa hiyo matundu yaliyomo mwambani humweleza msomaji bahari ya kale ilikuwa ya namna gani. Kwa muda mrefu hayo ndiyo yaliyokuwa matumizi makuu ya matundu: yalisomwa kama maandishi.

Njia tatu na kizuizi kimoja

Sasa tueleze jinsi tundu linavyogeuka njia baada ya tope kuwa jiwe. Twaweza kuzitaja njia tatu.

Ya kwanza ni tundu kubaki wazi. Mchimbaji amezijenga kuta imara, tope la pembeni likashikamana mapema, na tundu likawa bomba ndani ya jiwe. Maji yapitayo humo huzidi kuziyeyusha kuta za chokaa, na bomba likapanuka.

Ya pili ni tundu kujazwa kitu kingine. Tuseme kamba wadogo wamechimba katika tope zito lililoanza kukaza. Wakaondoka, na dhoruba ikamwaga mchanga mkubwa juu ya matundu yao yakajaa. Baada ya muda mrefu tope huwa jiwe lisilopitisha maji, lakini ndani yake mna mishipa ya mchanga. Maji hayana haja ya kupigana na jiwe, hufuata mishipa.

Ya tatu ni ya kikemia. Tundu huwa na mabaki ya ute na chakula, na mashapo yake si sawa na ya pembeni. Maji yenye magnesiamu yapitapo humo huweza kuigeuza chokaa ikawa dolomaiti, ambayo chembe zake mara nyingine huacha nafasi kubwa baina yake. Mfano mzuri umo katika jiwe la Tyndall, lichimbwalo Garson katika jimbo la Manitoba, nchini Kanada, lenye umri wa miaka kama milioni 450. Jiwe hilo lina rangi mbili: chokaa hafifu, na ndani yake matawi meusi kidogo ya dolomaiti, ambayo kwa kawaida huelezwa kuwa ni matundu ya wachimbaji wa bahari ya kale. Jengo la Bunge la Manitoba mjini Winnipeg, lililofunguliwa mwaka 1920, limejengwa kwa jiwe hilo. Apitaye mbele yake huona kwa macho ramani ya njia za maji ya kale ukutani.

Lakini haki yataka tuseme na upande wa pili. Si kila mchimbaji hufungua njia. Palipo na mchanga safi katikati ya tabaka za tope, wachimbaji huweza kuyachanganya mawili hayo kama mpishi achanganyavyo unga na maji, tope likaingia baina ya chembe za mchanga na kuziba vinyweleo vyake. Kwa sababu hiyo wahandisi wengi wa mafuta walikuwa na mazoea ya kuyahesabu mashapo yaliyovurugwa kuwa ni hasara. Walipoona alama za wachimbaji katika mwamba waliotoa chini, walidhani upenyevu umeharibika. Hapo tena dhana moja ilitumika mahali palipohitaji kuangalia.

Chini ya jangwa

Dhana hiyo ilitikiswa, pamoja na mahali pengine, huko Saudi Arabia. Mwaka 1948 liligunduliwa eneo la mafuta la Ghawar, lenye urefu wa kilomita 280 hivi na upana wa kilomita 30 hivi, kubwa kuliko yote yanayojulikana nchi kavu. Mafuta yake makuu yamo katika mwamba wa chokaa uitwao Arab-D, uliotua chini ya bahari yenye kina kifupi katika zama za Jurasiki, miaka kama milioni 150 iliyopita.

Wahandisi walikuta jambo lisilolingana na hesabu zao. Katika visima vingine, sehemu kubwa ya mafuta ilikuwa ikitoka katika utepe mwembamba wa mwamba, na mwamba mnene wa juu na wa chini yake ukitoa kidogo. Nepe hizo ziliitwa za upenyevu mkuu. Zilileta faida na hasara pamoja, kwani mafuta yalipita upesi, lakini na maji yaliyosukumwa chini ili kuyasukuma mafuta yalipita upesi vile vile, yakawahi kisimani. Sababu zake si moja. Kuna nyufa, na kuna tabaka za dolomaiti. Lakini katika sehemu nyingine sababu ni matundu ya wachimbaji wa jamii ya kamba, yaliyochimbwa katika tope gumu la chokaa na baadaye kujazwa chembe kubwa za dolomaiti.

Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Kanada, George Pemberton na Murray Gingras, walichapisha uchambuzi wa upenyevu uletwao na wachimbaji. Waliugawa katika aina tano, na mfano wa Ghawar wakautaja. Maana ya kazi yao kwa ufupi ni hii: kabla ya kusema kwamba wachimbaji wameharibu mwamba, tazama kwanza walichimba katika nini, matundu yakajazwa nini, na yameunganikaje. Yaani yale maswali ambayo jina la mwani liliyazuia katika karne ya 19, na dhana ya uharibifu ikayazuia katika karne ya 20.

Maji mekundu ya Miami

Mafuta yakipotea, hasara ni ya fedha. Maji yakichafuka, hasara ni ya uhai. Kwa hiyo twamalizia safari yetu Florida, kusini mwa Marekani.

Chini ya mji wa Miami na jirani zake kuna mwamba wa chokaa uhifadhio maji, uitwao Biscayne. Ni mwamba kijana kwa hesabu za wanajiolojia. Sehemu yake kubwa ilitua katika zama za Plaistosini, yaani ndani ya miaka milioni 2.6 iliyopita. Mamilioni ya watu huyanywa maji yake, na mwaka 1979 serikali ya Marekani iliuorodhesha rasmi kuwa chanzo pekee cha maji ya kunywa ya eneo hilo. Mwamba wenyewe umo karibu sana na uso wa ardhi, na magharibi mwa mji watu huuchimba kwa ajili ya mawe ya ujenzi, wakiacha maziwa makubwa si mbali na visima vya umma.

Swali lilikuwa hili: vijidudu vikiingia ardhini au katika maziwa hayo, vitachukua muda gani kufika visimani? Kuna kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu, kiharishacho watu na kivumiliacho dawa ya klorini. Hesabu za kawaida, zilizouchukulia mwamba kama mchanga wa Darcy, zilitoa jibu la siku kadhaa. Mwezi wa Aprili 2003 wachunguzi walijaribu kwa vitendo. Walitia rangi nyekundu katika shimo lililokuwa kiasi cha mita 100 kutoka kisima kimoja cha umma kaskazini-magharibi mwa mji. Rangi haikungoja siku. Ilifika kisimani kwa saa chache, tena kwa wingi, hata maji ya bomba ya baadhi ya watu yakaonekana yamegeuka rangi. Rangi hiyo haikukusudiwa kumdhuru mtu, lakini ilikuwa imeonyesha jambo ambalo kijidudu kisingelionyesha waziwazi: njia ilikuwa wazi.

Njia gani? Mwaka 2009 Kevin Cunningham, Michael Sukop na wenzao walichapisha jibu lao. Walikuwa wamechunguza nguzo za mawe zilizotolewa ardhini, picha zilizopigwa ndani ya mashimo ya visima, na hesabu za kompyuta za mwendo wa maji. Waliona kwamba nepe nyingi zipitishazo maji kwa wingi zimejaa matundu yaliyounganika, na kwamba wachimbaji wa matundu hayo walikuwa hasa kamba wadogo wa jamii ya wale wanaochimba mchanga wa pwani hadi leo. Kamba hao walichimba kwa ajili ya makazi na chakula katika tope la chokaa lingali laini. Bahari ikarudi nyuma, tope likawa jiwe, mvua ikayapanua matundu, na baada ya maelfu mengi ya miaka mji ukajengwa juu yake.

Tangu hapo mtu anayetaka kulinda kisima katika mwamba kama huo hana budi kujua habari za wachimbaji wake. Umbali wa mita 100, ambao katika mchanga wa kawaida ungekuwa kinga ya siku nyingi, hapo ni mwendo wa saa chache tu. Hiyo ndiyo gharama ya kutojua nani alipita udongo ulipokuwa maji.

Darasani kwetu

Huku kwetu bara, ambako wengi huijua bahari kwa vitabu, hatuwezi kuwapeleka wanafunzi kuwatazama kamba. Wenzetu wa pwani wana bahati: maji yakipwa, na watembee ufukoni au mikokoni, wahesabu matundu ya kaa katika hatua moja ya ardhi. Sisi tulifanya jaribio dogo, nalo twalipendekeza kwa kila mwalimu.

Tulichukua makopo mawili ya ukubwa mmoja, tukayatoboa chini, tukayajaza udongo ule ule wa mfinyanzi uliolowa, tukaushindilia sawasawa. Katika kopo la pili tulipenyeza mabua sita kutoka juu hadi chini, kisha tukayachomoa taratibu ili matundu yabaki. Tuliyaacha makopo kivulini hadi udongo ukashikamana. Ndipo tukamimina kikombe kimoja cha maji katika kila kopo. Katika kopo la pili maji yalitoka chini kabla hatujamaliza kuhesabu hadi ishirini. Katika la kwanza yalikaa juu, yakitutazama.

Baada ya hapo wanafunzi waliandika insha, kwa sharti la kutumia maneno shimo, tundu, ufa, mwanya na kinyweleo kila moja mahali pake. Insha zilikuwa bora kuliko zile tulizozoea kuzipata, kwa kuwa kila mwandishi alikuwa na jambo aliloliona kwa macho yake. Mmoja alikosea, akaandika kwamba maji yalipita katika ufa. Kabla hatujamsahihisha, yule muulizaji wa kwanza alimwambia, "Ndugu, hapakupasuka kitu hapo. Pana mtu alipita." Hatukuwa na la kuongeza. Tulifuta ubao, tukaiandika upya ile methali, na safari hii hakuna aliyecheka.